Makali Yaliyolalia Kushoto

Naro Moru
3 Februari 2025

Kwa Bi. Warigia wa Tetu,

Hunijui na mimi sikujui, lakini patasi zangu nne zimekufikia pamoja na karatasi hii, kwa hiyo kazi imeanza kabla ya salamu. Naitwa Kobia. Ni mkereza mbao hapa Naro Moru: miguu ya viti, vichwa vya fimbo za wapanda mlima, na bakuli nikipata mti wa maana. Jina lako nimelipata kwa muuza fanicha mmoja wa Nyeri. Aliniapia kwamba kuna mwanamke Tetu ambaye patasi ikitoka mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu.

Usishangae kuona barua siku hizi. Mashine ya kukereza imeniharibu masikio, nasikia ya karibu tu, na simu kwangu ni kitu cha kuangalia saa. Tena nina jicho moja. La pili lilikwenda kwa ajali ya kazi miaka kadhaa iliyopita. Mtu wa jicho moja akiinamia jiwe la kunolea hajui kama patasi imegusa jiwe au bado, mpaka cheche zimrukie. Nimejaribu. Mke wangu, Kinya, amesema nikijaribu tena jiwe lote linauzwa kwa watu wa vyuma chakavu.

Zinoe, tafadhali, uzirudishe kwa ofisi ya vifurushi iliyozileta. Na uniambie unatumia nini, maana yule muuza fanicha alisema hunoi kwa mkono mtupu. Mimi nilifundishwa kunoa kwa mkono mtupu, nikawa nawacheka wanaotumia vishikio. Sasa kicheko kimenigeukia.

Wako,
Kobia

*

Tetu
10 Februari 2025

Mzee Kobia,

Nakusalimu kwa heshima. Patasi zako zimenoleka, ingawa nilizipokea nikadhani mmekuwa mkichimbia viazi. Nisamehe. Mama yangu husema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu.

Barua yako imenichekesha mahali pamoja. Hapa kwangu pia kuna Kinya. Ana miaka minne, na yeye pia hutishia watu kwamba atauza vitu vyao.

Ni kweli, sinoi kwa mkono mtupu. Nina kishikio alichotengeneza mume wangu, Ben, kwa vyuma vya baiskeli iliyokufa. Kuna bomba la usukani, kuna komeo la mlango linalobana patasi isicheze, na kuna mkono wa chuma unaoegemea mbele ya jiwe. Ukishaifunga patasi humo, haiwezi kupanda wala kushuka. Unaigeuza tu kushoto na kulia, na jiwe linaila kwa mlalo uleule leo na kesho. Ben ndiye aliyenifundisha tulipooana. Sasa namshinda, ila hilo hulisema tukiwa wawili tu. Kwa sasa yuko Othaya akiezeka nyumba, atarudi mwisho wa mwezi.

Utaona makali yamelalia kushoto kidogo. Usidhani nilikuwa nimelewa. Mkono wa kile kishikio ulichomelewa ukaenda upande. Nimemwambia Ben mara nyingi akinyooshe, naye hujibu, "Wacha tu hivyo." Cha ajabu ni kwamba yanakata kuliko yaliyonyooka. Jaribu uone.

Warigia

*

Naro Moru
14 Februari 2025

Bi. Warigia,

Patasi zimefika. Nimekaa nazo tangu asubuhi na sijakereza kitu.

Jicho langu haliwezi kuona mlalo wa makali, lakini kidole gumba kinaona. Nilipokipitisha juu ya patasi ya kwanza, nilishtuka nikaiweka chini kama iliyonichoma. Nikachukua ya pili. Nikachukua zote. Zimelalia kushoto, kiasi kilekile. Katika maisha yangu nimewahi kuona makali ya namna hiyo kutoka kwa kishikio kimoja tu, na sikudhani ningeyagusa tena.

Nijibu, nakuomba. Pale mkono ulipochomelewa, je, kuna matone mawili ya weldi, moja kubwa na jingine dogo chini yake? Huyo Ben ni wa wapi? Anaitwa Ben nani? Wazazi wake wako wapi? Na imekuwaje mtoto wa Tetu akaitwa Kinya, jina la kwetu Wameru?

Usiniulize kwa nini nauliza. Najua ni utovu wa adabu kumhoji mke wa mtu hivi.

Kobia

*

Tetu
18 Februari 2025

Mzee Kobia,

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema, huyu mzee anataka kuiba kazi ya mume wangu. Kama ni hivyo, iba tu, baiskeli zilizokufa hazijaisha Kenya. Kisha nikaenda kukiangalia kishikio.

Matone ya weldi ni mawili. Kubwa moja, na dogo chini yake. Nimekitumia miaka yote hii na sikuwahi kuyaona. Wewe uko Naro Moru na umeyaona. Nywele zimenisimama, mzee.

Ben ni Mmeru, anaitwa Ben Mutwiri. Alikuja huku akiwa kijana asiye na mtu. Baba yake na mama yake wote wamekufa, na hapendi kuulizwa habari zao, nami nilijifunza kutouliza. Alipokuja kuposa alileta wajomba wawili kutoka Chuka, watu wapole wenye suti. Baba yangu aliwachinjia mbuzi, na mmoja wao akaomba supu ya pili. Ndio watu wake pekee niliowahi kuwaona.

Kuhusu jina, kwetu msichana wa kwanza hubeba jina la mama wa mume. Kwa hiyo binti yangu ni Kinya kwa sababu ya marehemu mama yake Ben.

Nimejibu yote. Sasa na wewe niambie, ni nini?

Warigia

*

Naro Moru
21 Februari 2025

Binti yangu,

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa sakafuni kwenye maranda.

Umeandika "marehemu". Ninapoandika hivi, Kinya wangu yuko jikoni anaimba wimbo wa kanisa, na anaukosea palepale anapoukosea kila siku. Mutwiri ni jina la baba yake Kinya, mkwe wangu. Sijamwambia chochote. Nikimwambia kisha isiwe kweli, nitakuwa nimemuua.

Nimekuletea patasi nyingine, ile kubwa yenye mfereji. Ina pengo kwenye makali, na haijanolewa tangu siku ilipovunjika. Usiinoe wewe. Mumeo akirudi, mpe mkononi. Mwambie imetoka kwa mkereza wa Naro Moru, umtajie jina langu. Usiongeze neno. Kisha uniandikie alivyofanya.

Kobia

*

Tetu
3 Machi 2025

Wewe ni nani?

Siandiki "mzee" kwa sababu sijui naandikia mtu wa namna gani. Ben amerudi juzi. Nilingoja ale, nikampa ile patasi. Alikuwa akicheka na mtoto. Alipitisha kidole kwenye lile pengo, akaacha kucheka.

"Hii umetoa wapi? Warigia, hii umetoa wapi?"

Nikamwambia imetoka kwa mkereza wa Naro Moru anayeitwa Kobia. Akaniambia, "Huyo mzee alikufa. Mimi mwenyewe nilimuona wakimbeba, wamemfunika mpaka uso. Ni nani huko ako na vitu zake?"

Akatoka nje. Alitapika kando ya zizi la ng'ombe, ng'ombe wakimtazama. Aliporudi alitaka kuchoma barua zako. Nimezificha ndani ya unga.

Nikambana, nami nikibana mtu hachomoki. Basi yametoka. Haitwi Mutwiri. Anaitwa Muthomi. Ati baba yake alikufa kwa mkono wake, kwa sababu ya patasi aliyoinoa yeye, na akakimbia kabla ya kukamatwa. Kuhusu mama yake, Ben hajui kama yuko hai au la, alimwita marehemu kusudi nisimtafute. Sasa naelewa kwa nini hajawahi kukubali kazi yoyote ya barabara ya kwenda Nanyuki, inayopita hapo Naro Moru, hata ikiwa nzuri namna gani. Na wale wajomba? Walikodiwa! Mmoja huuza mitumba. Suti zote mbili zilikuwa zake!

Nimelala na mtu huyu miaka yote, nikampikia, nikamzalia, na leo nimeambiwa jina lake. Sina hata nguvu ya kulia. Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, na ujibu kama mtu anayemwogopa Mungu. Wewe ni nani, na patasi ya marehemu umeitoa wapi?

Warigia

*

Naro Moru
5 Machi 2025

Mke wa mwanangu,

Mimi ndiye marehemu.

Naandika polepole ili umsomee, na kama hataki kusikiliza, msomee kwa nguvu.

Muthomi alikitengeneza kile kishikio hapa, kwenye karakana hii. Nilimcheka, nikamwambia mkono wa kishikio umepinda hata kabla ya kuanza kazi. Akanijibu, "Wewe nipe patasi tu." Nikampa ile kubwa. Aliinoa, nikaijaribu kwenye ukucha, na sikuwahi kupata makali kama yale. Nikafunga mashineni kigogo cha mutamaiyu, mzeituni mwitu uliokuwa mpakani mwa shamba, mti mgumu, mzuri, mzima kila upande. Nikaweka patasi. Ikagonga kitu, ikavunjika, na kigogo kikachomoka mashineni kikanipiga usoni. Zaidi ya hapo sijui.

Walinifunika uso kwa sababu ya lile jicho, watoto wa jirani wasilione. Ndivyo Kinya alivyoniambia. Mayowe aliyoyasikia Muthomi siku ile yalikuwa ya mama yake, na mama yake, nitakuambia ukweli, hupiga mayowe hata kuku akikanyagwa.

Nilipozinduka hospitali, Muthomi hayupo. Walimtafuta. Koti lake likapatikana ukingoni mwa msitu, limelowa damu. Watu wakasema ni nyati. Kanisa likatuombea. Kaburi hatukuchimba, kwa kuwa hatukuwa na cha kuweka ndani, na Kinya alikataa.

Sasa sikiliza hili, Muthomi. Kile kigogo kilikaa nyuma ya nyumba muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyetaka kukigusa. Siku moja kuni zikapungua, mama yako akakipasua. Shoka likalia. Ndani kabisa kulikuwa na msumari wa kushikia waya wa ua, wa zamani, uliopigwa mti ukiwa mdogo. Mti ulikua ukaumeza, nje pasibaki hata kovu. Makali yako hayakuwa na kosa lolote. Hata patasi iliyonolewa na malaika ingevunjika pale.

Nimeweka msumari huo kwenye kifurushi hiki, pamoja na kipande cha mti kilichoushika. Nimekaa nao miaka hii yote bila mtu wa kumwonyesha.

Kobia, baba yake Muthomi

*

Tetu
8 Machi 2025

Baba,

Nakuita hivyo kwa mara ya kwanza, na bado nimekasirika, kwa hiyo upokee vyote viwili.

Nilimsomea barua yako chumba cha mashine. Alisema mtu yeyote anaweza kuandika habari ya msumari. Kisha akachukua ile patasi kubwa, akaulaza msumari wako kwenye lile pengo. Ukaingia. Ukakaa pale kama yai kwenye kiota. Akautoa, akaurudisha, ukaingia tena. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, na mtoto akaja kumpangusa uso kwa sketi yake.

Nikamuuliza habari ya koti na damu, maana nilitaka kujua nyati alimpiga wapi. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Hakuna nyati, baba. Alikuinamia pale chini akijaribu kuzuia damu kwa mikono na kifua, ndipo mama alipoingia akapiga mayowe. Alikimbia nje kutafuta gari, akarudi, akakuta unabebwa, umefunikwa. Koti alilitupa msituni kwa sababu lilikuwa limelowa damu yako, na hakuweza kutembea nayo, akabaki na kishikio tu alichokibeba kutoka karakana.

Ilikuwa damu yako. Mmemlilia mtoto kwa damu ya baba yake! Nimeyageuza haya kichwani tangu jana na bado siamini. Mlioombolezana nyote mko hai, na kati yenu hapatoshi hata safari ya nusu siku.

Lakini hataki kuja. Nimembembeleza, nimemtukana, nimemnyima chai. Anasema mtu aliyemwacha baba yake kwenye damu hana mlango wa kurudia. Nikamwambia basi nimpigie mama simu, akaniambia sauti yake hataiweza. Amekaa na msumari mkononi, haendi kazini.

Mambo mawili. La kwanza, baba yangu alichinjia waongo, na hilo halitaisha hivi hivi. Nataka wazee wa kweli waje. La pili, mama anajua? Kama hajui, mwambie leo. Mimi sasa nimejua ilivyo kuwa mke asiyeambiwa kitu.

Warigia

*

Naro Moru
11 Machi 2025

Muthomi,

Baba yako ameniambia jana nikichagua maharagwe. Alianza kwa kuniambia nikae, na mimi nilikuwa nimekaa. Alipomaliza nilimtupia maharagwe yote, kisha ungo. Nikapiga mayowe mpaka jirani akaja na panga akidhani tumevamiwa. Nilipoweza kusema nilimwambia, "Mtoto wangu ako Tetu." Akaniangalia, akaenda kuita mchungaji.

Leo bado sijielewi. Nimetia chumvi kwenye chai. Nimekwenda kukama ng'ombe nikiwa sina ndoo.

Usinipigie simu. Siku hizi matapeli hujua hata majina ya waliokufa, na nikisikia sauti bila uso nitasema ni wao. Lete uso. Baba yako anasema unaona haya. Mwanangu, mimi sina mahali pa kuweka haya zako. Baba yako ana jicho moja lililobaki, na alichokuwa akilihifadhia ni wewe, ingawa hawezi kusema, ni mwanamume.

Mwambie mke wako nimempenda kabla sijamwona, kwa sababu ana mdomo. Wazee wa kweli wapo. Kaka yangu Hezekiah ameshatoa suti, na ni yake mwenyewe. Watakwenda Tetu kumwomba baba yake radhi, na supu watakunywa mara moja tu. Mtoto anayebeba jina langu mwambie asiuze kitu chochote kabla sijafika.

Koti lako liko kwangu. Waliponiletea sikulifua. Nilidhani ni damu yako, na sikuwa na kitu kingine chako. Nimelaza kichwa juu ya koti hilo miaka yote hii, nikilificha watu wa kanisa wasijue. Sasa naambiwa ni damu ya huyu mzee anayekoroma kando yangu kila siku. Leo asubuhi nimelifua. Limetoka safi, liko kwenye kamba.

Kuna jambo moja tu ninalotaka kujua, mengine utayaeleza ukitaka. Ilikuwa Julai, na unajua Julai ya huku. Ulipita msitu ule bila koti. Ulisikia baridi?

Mama yako,
Kinya

*

Tetu
13 Machi 2025

Mama,

Nilisikia baridi.

Mwambie baba asiiguse hata patasi moja mpaka nifike. Nakuja na kishikio. Sikukinyoosha.

Koti usilianue. Nitalianua mwenyewe Jumamosi.

Muthomi